Kaka yangu anataka deni lake liwe la marehemu baba

Admin, ficha jina langu na mtaa wetu, maana ndugu zangu wote wanafuata page hii. Mi ni mwanamke wa miaka 39, Mwislamu, mzaliwa wa Bujumbura. Nimeachika, nina watoto wawili, nauza piyesi za pikipiki kule Mutakura. Nilianza na meza moja ya nyaya za breki, leo nina duka la milango miwili, na hakuna ndugu aliyenipa hata faranga moja ya kuanzia. Nasema mapema kwa sababu najua kuna watakaoniandikia kwamba pesa si kitu. Hao wanitumie zao.

Miaka miwili iliyopita kaka yangu mkubwa alikuja kwa baba akaniita. Alitaka kununua gari ya taksi, pesa yake imepungua milioni sita. Tukapatana anilipe laki tano kila mwezi, miezi kumi na miwili, bila faida. Nikatoa kitabu cha risiti kwenye mkoba, kile kile ninachomwandikia mteja hata akinunua taa ya nyuma. Baba akanishika mkono.

"Weka hiyo kitu. Watoto wangu hawaandikiane karatasi ndani ya nyumba yangu. Karatasi yenu ni mimi."

Nikairudisha. Hilo ndilo kosa langu na nalikubali. Nikahesabu noti mbele yao wawili, kaka akazipokea.

Alilipa mara mbili. Milioni moja ikarudi, zikabaki tano. Halafu ikaja shida ya mafuta, taksi ikawa inalala kwenye foleni ya esansi siku tatu ili itembee siku moja. Nilimwelewa, na mi macho ninayo. Baadaye akaiuza gari. Nikamuuliza, "Kaka, pesa ya gari iko wapi?" Akasema, "We dada, utanikaba shingo? Ntakimbia niende wapi?" Mwezi huo huo akaezeka nyumba yake mabati mapya.

Mwaka huu baba akaugua, akafariki. Kabla jeneza halijatoka nyumbani, baba mdogo alisimama uani, akatangaza kama ilivyo desturi yetu: yeyote anayemdai marehemu ajitokeze, watoto wake wako hapa, watalipa. Sisi wanawake tulikuwa ndani, tukasikia kila neno. Mi nikanyamaza. Ningesema nini? Baba hakuwa na deni langu. Aliyekuwa nalo alikuwa nje, amebeba jeneza.

Baada ya arobaini tukakaa kikao cha mirathi mbele ya ukoo. Mama alitangulia zamani, warithi tuko watatu tu: kaka, mimi, na mdogo wetu wa kike anayesoma chuo. Mteja wa nyumba ya baba amepatikana, milioni sitini. Kaka fungu mbili, sisi wasichana moja moja. Yeye thelathini, sisi kumi na tano kila mmoja. Nikasema kwa upole kwamba kwenye thelathini za kaka zikatwe tano zangu.

Kaka hata hakushtuka. "Pesa gani? Ile pesa aliikopa baba. Mi nilikuwa mkono wa kupokea tu. Ilikwenda kwenye matibabu yake."

Nikamwambia, "Matibabu? Fakitiri ya hospitali ninayo, milioni moja na laki tatu, nililipa mimi. Na pesa yangu we uliichukua baba akiwa mzima, anapanda baiskeli."

"Basi siku ya maziko mbona ulinyamaza? Waliuliza, we ulikuwa ndani. Mwenye kunyamaza amesamehe."

Watu wakaguna, wakaniangalia mimi. Baba mdogo akaona aibu, akaleta suluhu yake. "Binti yangu, tusigombane. Tuseme ni deni la marehemu, litolewe kwenye nyumba kwanza, ndipo mugawane. Utapata tano zako, kaka yako atapumua." Kaka akaitika haraka kuliko imamu anavyoitikiwa. Wakamsifu kwa roho nzuri.

Mimi nilikuwa napiga hesabu. Sitini ukitoa tano, zinabaki hamsini na tano. Kaka anapata ishirini na saba na nusu, yaani deni la milioni tano amelilipa kwa mbili na nusu. Nusu iliyobaki tunamlipia sisi wasichana: milioni moja na robo mimi mwenyewe niliyedhulumiwa, na milioni moja na robo mtoto wa chuo ambaye hata taksi hiyo hakuipanda. Na juu yake, mzee wa watu aandikwe kwamba alizikwa na deni.

Nikasema apana. Mdogo wangu akanifuata nje akilia. "Yaya, dada yangu, kubali tu. Chuo wananidai, nyumba isipouzwa natolewa." Sikuwa na moyo wa kumwambia ni kiasi gani anaibiwa.

Jumatatu tunaweka sahihi. Bila yangu nyumba haiuzwi, wote wanajua, ndiyo maana simu haipumziki. Shangazi ameshaniita mchawi wa pesa.

Imamu niliyemwendea amesema sina karatasi, na shahidi wangu yuko chini ya udongo, kwa hiyo limebaki jambo moja: nidai kaka aape kwa Msahafu mbele ya ukoo kwamba pesa ile aliikopa baba. Akiapa, madai yangu yamekwisha, na ile suluhu ya baba mdogo nayo imevunjika. Akikataa, atalipa zote tano.

Munaonisoma, nishaurini kabla ya Jumatatu: niweke sahihi nipoteze milioni na robo, au nimwite kwenye kiapo? Na musiniambie kwamba ataogopa kuapa. Huyu nimekua naye nyumba moja. Ataapa, na baada ya hapo ataniuliza kama kuna chai.