Twiga Weusi wa Malindi

Kila Jumapili jioni, nikifungua kopo la rangi ya viatu kuving'arisha viatu vya shule vya wanangu hapa Kayole, harufu yake hunirudisha Malindi.

Baba alikuwa mchongaji huko, akiwachongea watalii wanyama. Mimi na mama tuliishi Nairobi, tukimwona Krismasi tu. Nilipotimiza miaka tisa nilipelekwa kwake wiki moja ya likizo. Mji ulikuwa mkongwe, wenye kuta za mawe na hoteli zilizofunikwa maua. Bahari niliisikia tu nyuma ya hizo hoteli, ikinguruma kama kinu cha unga cha mtaani kwetu. Kutwa nzima nilikaa kibandani nikimtazama Baba akichonga, bila mtoto mwenzangu wa kucheza naye.

“Nikimaliza hawa twiga kumi na wawili, tutaenda baharini,” aliniambia.

Siku ya mwisho ikafika. Twiga wote walikuwa wameshachongwa na kupigwa msasa. Kilichobaki ni kupakwa rangi ya viatu, maana hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya wachongaji ya kuufanya mti ung'ae. Baba alipotoka kutafuta chai, niliamua kumsaidia. Nilichukua kopo nililolizoea nyumbani, lile jeusi. Sikujua kwamba jeusi ni la vifaru, na twiga hupakwa kahawia.

Baba aliporudi, mchongaji mwenzake, Musyoka, alipita akasimama, akamwuliza: “Mutua, twiga wako wamefiwa na nani?”

Baba hakucheka, wala hakunigombeza. Mnunuzi alikuwa anakuja jioni. Alichukua kisu, mimi nikashika msasa, tukawakwangua mmoja mmoja mpaka jua likatua. Asubuhi nilipanda basi nikiwa na vidole vyeusi, miguu mikavu, na hasira iliyonifikisha mpaka Nairobi.

Mwaka jana Baba, ambaye sasa ni mzee na anaishi nasi, alikuwa akiota jua mlangoni. Nikamwuliza kama maji ya bahari ya Malindi yalikuwa ya baridi.

“Sijui, mama,” akasema. “Sikuwahi kuyaingia. Niliyaweka akiba tuyaingie pamoja.”

Mchana ule wote, tukikwangua bega kwa bega, nilimwona kama mtu aliyeninyima bahari. Sikujua kwamba naye alikuwa ameikosa siku ileile, tena mimi nilikuwa na njia ya kurudi kwa mama, yeye akabaki na twiga wengine wa kuchonga.