Mama Anselmi na Majumba ya Kinindo

Mwanangu, ipo alasiri moja ya ujana wangu ambayo nikifumba macho naiona yote, mpaka rangi ya kitenge alichovaa yule mama. Nataka nikusimulie wewe uliyepata kazi mwaka huu, wewe ambaye hata kabla ya kuzoea ofisi umeshaanza kupanga utakavyowafanyia wazazi wako makubwa. Kaa vizuri. Si habari ya kutisha, wala hakuna aliyekufa maji.

Wakati huo nilikuwa kijana, naendesha boti hapa Bujumbura. Boti haikuwa yangu. Ilikuwa ya patroni wangu, tajiri mmoja mwenye kipande cha ufuko upande wa kusini wa bandari, mahali ambapo watu walikuja Jumapili kula mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma na kuangalia milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Kazi yangu ilikuwa kuwachukua wale waliokodi boti nzima, familia au wachumba, na kuwapitisha taratibu kando ya ufuko mpaka Kinindo na Kibenga ili waone majumba ya watu wakubwa, kisha niwarudishe jua likianza kushuka.

Niliipenda kazi ile. Mtu anayepita barabarani Kinindo haoni kitu ila ukuta, geti, na mzamu, yaani mlinzi, aliyekaa kwenye kiti chake. Lakini ukitokea ziwani, nyumba ileile imefunguka mbele yako. Unaona baraza, unaona nguo za watoto kwenye kamba, unaona mama mwenye nyumba anamwagilia maua huku amevaa kandambili kama mama yako. (Siku hizi majumba yameongezeka, na mengine ziwa limepanda mpaka limeyaingia sebuleni. Wakati ule maji yalikaa mahali pake.)

Basi Jumapili moja alikuja bwana mmoja, shati jeupe, viatu vinang'aa, anaongea Kifaransa na patroni wangu kama maji. Jina lake Anselmi. Alikuwa amerudi kutoka Ubelgiji alikokaa miaka mingi, na nyuma yake alifuata mama yake mzazi, mwanamke mwembamba aliyevaa kitenge cha kijani chenye ndege, amevua sandali zake na kuzishika mkononi ili zisiloe. Wenyeji wa Uvira hao, ng'ambo upande wa Kongo. Mama alivuka kuja huku zamani, mambo yalipoharibika kwao, Anselmi akiwa bado mtoto, na tangu hapo akawa anaishi Ruziba, huko chini kwa wavuvi na waanika ndagala, wale dagaa wa ziwa letu.

Nikawasaidia kupanda, nikawasha motere, tukaondoka.

Ziwa lilikuwa limetulia. Anselmi hakukaa. Alisimama katikati ya boti, mkono mmoja umeshika chuma cha turubai, mwingine unaonyesha. Nikaelewa mapema kwamba hawakuja kutembea tu. Alikuwa anamtafutia mama yake nyumba.

"Mama, angalia ile ya paa nyekundu. Iko na jenereta. Umeme ukikatika, we hata hautajua."

"Nimeona, mutoto wangu. Iko muzuri."

"Na ile ya pembeni, iko na terasi juu. Unaweza kukaa pale asubuhi unakunywa chai."

"Iko muzuri. Na jirani ni nani?"

"Jirani ni muzungu mumoja wa shirika."

"Anabakiaka nyumbani muchana?"

"Apana, mama. Anaenda kazi."

"Na upande ule mwingine?"

"Pale hakuna mutu sasa. Mwenyewe iko Ulaya."

"Ah," mama akasema. "Iko muzuri."

Mwanangu, nimesikia watu wengi wakisifu majumba yale. Wengine walipiga makofi, wengine walinyamaza kwa wivu. Lakini sijawahi kusikia neno "muzuri" likitamkwa kwa uchovu kama siku ile. Anselmi hakusikia huo uchovu. Alisikia neno tu, akafurahi, akaendelea kuonyesha.

Tukafika kwenye nyumba moja ya rangi ya manjano, ngazi zake za mawe zimeshuka mpaka majini. Ndiyo aliyoichagua. Akaniomba nisogeze boti, akaruka kwenye ngazi.

"Nakuja mara moja, mama. Nimwulize mzamu kama mwenyewe amefika. Leo tunamaliza naye, kesho tunahamisha vitu."

Akapanda ngazi mbiombio kama kijana wa shule. Tukabaki wawili, mimi na mama, boti inagonga jiwe polepole.

"Baba," akaniita, "we unaitwa nani?"

"Bonifasi, mama."

"Bonifasi, hii motere haiwezi kuharibika kidogo?"

Nilicheka. Kisha nikamtazama na kuona yeye hacheki. Alikuwa ameshika sandali zake kifuani kwa mikono yote miwili.

"Mwambie imeharibika. Mwambie turudi. Nikiingia tu mu hii nyumba, imekwisha. Atakuwa ametoa neno lake kwa watu, na mi sitaweza kumfedhehesha."

"Kwani hauitaki, mama?"

"Ntakaa na nani humu? Na jenereta?" Akatazama ukuta, maua, vioo vya madirisha. "Pale Ruziba, mi nikikohoa usiku, asubuhi jirani yangu Leokadia iko mulangoni na uji. Tunaanika ndagala pamoja tangu huyu Anselmi akiwa mudogo. Hapa nikikohoa nani atasikia?"

"Basi umwambie hivyo hivyo."

"Ameteseka na baridi ya kule miaka yote, juu ya kuninunulia raha. Ntamwambiaje ya kwamba siitaki? Atalia."

Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi niliogopa. Patroni wangu aliijua motere ile kuliko alivyowajua watoto wake. Ningeisingizia ugonjwa, jioni angeifungua, angeikuta nzima, na kazi yangu ingeishia hapo. Lakini pia sikuweza kumwacha mama yule hivihivi. Nikamwambia kitu nilichokuwa nakiona kila Jumapili kwenye boti. Nilikuwa nabeba wachumba wamenuniana, kila mmoja anaangalia upande wake, na tukirudi wanashuka wameshikana mikono, kwa sababu katikati ya ziwa hakuna mtu wa kuinuka akaondoka.

"Motere siwezi kuisingizia, mama. Lakini naweza kwenda polepole sana. Ukimwambia nyumbani, atatoka nje. Hapa hana pa kwenda. Mwambie hapa."

Anselmi alikuwa tayari anashuka ngazi, uso unawaka furaha.

"Mwenyewe anafika jioni! Mzamu amekubali tuingie. Mama, shuka uone salo, vile sebule iko kubwa."

Mama akashika ubao wa boti. "Mi sishuki."

"Unaumwa?"

"Apana. We rudi hapa, kaa."

Akarudi, akakaa kwa mara ya kwanza tangu tuondoke. Nikasukuma boti kwa kasia mpaka tukaachana na ngazi, nikaipa motere moto kidogo tu, tukawa tunaelea kuelekea kusini.

"Anselmi, mi sitahamia hii nyumba. Wala ile ya paa nyekundu. Wala yoyote."

Kwanza alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akasema maneno mengi ya Kifaransa ambayo mimi na mama hatukuyashika. Halafu Kiswahili kikamrudia, na sauti ikakatika.

"Sasa mi nimeteseka juu ya nini? Nimeosha vyombo ya watu, nimelala mu chumba bila dirisha, kila siku nafikiri mama yangu, siku moja atatoka mu ile nyumba inavuja. Leo nimeweza, unaniambia apana?"

Mama alimwacha amalize. Hakumkata hata neno. Kisha akamwuliza kwa upole, kama anayeuliza njia:

"Tangu umefika, unalala wapi?"

"Kwa otele. Unajua, mama."

"Juu ya nini kwa otele?"

"Kwako hakuna nafasi."

"Kuna kitanda chako."

Anselmi akavitazama viatu vyake.

"Nilikichunga kile kitanda," mama akasema. "Leokadia aliniambia nikiuzishe nipate nafasi, nikakataa. Nafua shuka yake, naitandika, nangoja. Umekuja, umekaa kwa kiti, umekunywa fanta, umeangalia juu pale mvua inapita, umeenda zako kwa otele. Kesho yake umeniletea habari ya majumba. Mi sikukuomba nyumba, Anselmi. Mi nilikuwa nangoja mutoto."

Niliangalia ziwa. Kuna mambo mtu hapaswi kuyatazama hata kama yako mbele ya pua yake. Bahati nzuri kiboko mmoja akaibuka upande wa matete, akapumua kwa kishindo, nikapata kazi ya kufanya. Nikageuza boti kumkwepa. Nilipotazama tena, Anselmi alikuwa ameinamisha kichwa kwenye mapaja ya mama yake, mtu mzima na shati lake jeupe, na mama anampapasa shingoni kama anayemtafutia chawa.

Hatimaye akainua uso. "Ndugu, unaweza kutufikisha Ruziba?"

Safari zetu ziliishia Kibenga, hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya patroni. Nikatikisa tanki, nikasikia mafuta yapo ya kutosha. Nikasema naweza.

Tulipokaribia Ruziba, wanawake walikuwa wanageuza ndagala mchangani. Mmoja akaweka mkono juu ya macho, akatutazama, halafu akapiga kelele mpaka ndege wakaruka: "Mama Anselmi! Mama Anselmi iko mu boti ya watalii!" Ndiye Leokadia huyo. Mama akasimama kumpungia, nikamsihi akae, akakataa kukaa, akawa anacheka na kuyumba, kitenge chake kinapepea.

Pale hakuna gati, na maji hayana kina. Boti ilipogusa mchanga, Anselmi alivua viatu, akavitupa ndani ya boti, akakunja suruali, akaingia majini. Kisha akageuka na kuinama.

"Panda, mama."

Alimbeba mgongoni mpaka nchi kavu, na wanawake wale wakawapigia vigelegele kama harusi. Niliwafuata na viatu. Waliniletea mukeke kwenye sahani ya bati na ugali wa muhogo, nikala nimesimama kwa sababu nilikuwa nimechelewa. Nilipokuwa naondoka, nilimwona Anselmi mlangoni mwa ile nyumba ndogo, ameshika shuka upande mmoja na mama yake upande mwingine, wanaikung'uta.

Patroni alinifokea kwa kuchelewa. Nilimweleza yote. Alininyooshea kidole, akasema nisirudie, kisha akaniuliza kama mukeke ulikuwa mtamu.

Baada ya siku chache nilipita tena Ruziba, nikamwona Anselmi juu ya paa na fundi, anapigilia mabati mapya, mgongo umebabuka kwa jua. Likizo ilipokwisha alirudi Ubelgiji, lakini kila alipokuja alifikia pale pale kwa mama, akalala kwenye kile kitanda, miguu inatokeza nje. Mama yake alizeeka akiwa Ruziba, na hakuna siku niliyopita pale asinipungie.

Na mimi, mwanangu? Nilikuwa natamani sana kumnunulia baba yangu redio kubwa, ya kushangaza majirani. Jumamosi iliyofuata safari ile nikaona nimwulize kwanza. Baba alifikiri muda mrefu, akasema redio inamchosha. Alichotaka ni mtu wa kumnyoa ndevu, maana mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka na alijikata. Nikawa namnyoa. Kila Jumamosi, yeye kwenye kigoda, mimi na wembe, tunaongea. Mambo mengi ninayoyajua kuhusu ukoo wetu niliyapata akiwa na povu usoni. Redio isingenipa hayo.

Basi neno langu kwako ni hili. Unapotaka kumtendea mema mtu unayempenda, usimpangie moyoni mwako halafu ukamletea jambo lililokwisha. Nenda ukakae naye. Lala nyumbani kwake, kula anachokula, umwulize anataka nini, kisha nyamaza mpaka ajibu. Akisema "ni nzuri," sikiliza jinsi anavyolisema. Na kama wewe ndiwe unayepewa usichokitaka, usitafute motere ya kusingizia. Sema kwa upole, sema mapema, kabla watu hawajapeana ahadi. Anayekupenda ataumia kidogo, atapona. Wala usiyachukie majumba mazuri, mwanangu. Yako pale, yanapendeza, na kuna watu wanaishi ndani yake kwa amani. Ukijaliwa kujenga lako, nitakuja nikalibariki kwa miguu yangu.

Mungu abariki kazi ya mikono yako. Akuwekee wazazi wako muda mrefu, uwakute wazima kila unaporudi. Akupe moyo wa kuuliza na subira ya kungoja jibu. Na nyumba utakayolala, kubwa au ndogo, asubuhi pasikose mtu wa kukugongea mlango na kukuuliza umeamkaje.