Karata Zilizofungwa kwa Uzi wa Sweta

Juzi tulikuwa tukihamisha vyombo vya marehemu shosho, nyanya yangu, kutoka nyumba yake ya Woodley, nikakuta mkebe wa biskuti nyuma ya vikombe vya wageni. Sikuhitaji kuufungua ili kujua kilichomo. Niliketi sakafuni nikaupakata, wapwa zangu wakadhani nimechoka.

Rafiki yangu, kama hukukulia Nairobi miaka ya themanini, acha nikueleze. Poka yetu, mchezo wetu wa karata, haikuwa ile ya sinema, ya wanaume wenye kofia na bastola. Unaweka karata inayolingana na iliyo juu, kwa namba au kwa ua, kama kopa au shupaza. Ukikosa, unaokota. Ukibakiwa na moja lazima utangaze, "Niko kadi." Mwenzako akikuwekea mbili, unaokota mbili na zamu inakupita, isipokuwa nawe una mbili ya kumrushia anayefuata. Wa kwanza kumaliza karata ndiye bingwa.

Tulicheza Jumamosi baada ya chakula cha mchana, barazani kwa shosho: yeye, mimi, rafiki yangu wa nyumba ya pili, na nyanya yake, ambaye sote tulimwita Ba kama mjukuu wake alivyomwita. Ba alipita kwenye mwanya wa kayaba, ile miba iliyotenganisha nyumba zetu, mkono mmoja ukiinua sari na mwingine ukibeba bakuli la chevda, vile vitafunio vya Kihindi vyenye pilipili. Shosho alitoa njugu alizokaanga mwenyewe, zikiwa bado moto. Hilo ndilo lilikuwa dau letu lote. Bingwa alijaza viganja, halafu kila mtu akala.

Shosho hakupenda kushindwa hata kidogo. Alichungulia karata za watu, na akishikwa anasema anatafuta miwani. Ba naye, akipata karata nzuri, alificha kicheko kwa ncha ya sari, hivyo sote tulijua. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, na cha shosho kilikuwa nusu Kikuyu. Sidhani kama waliwahi kumaliziana hadithi moja. Lakini walicheka pamoja mpaka chai ikapoa, na nilipenda kuwasikia kuliko nilivyopenda kushinda.

Kisha familia ya Ba ikaamua kuhamia Uingereza, wote. Siku ya safari ilikuwa Jumamosi. Ba alikuja na bakuli lake kama kawaida, mwanawe akamfuata hadi kwenye mwanya.

"Mchezo mmoja tu, Ba," alisema. "Ukiisha tunaenda."

Basi ukawa mchezo wa ajabu. Nilikuwa na karata ya kuweka, nikaokota. Rafiki yangu akaokota. Ba akaokota, bila kucheka. Rundo likapungua, mikono yetu ikajaa, na hakuna aliyeuliza kitu. Shosho peke yake ndiye aliyeendelea kuweka, nami nikamkasirikia kabisa.

"Niko kadi," akasema.

Zamu ya Ba ilipofika akaweka mbili, polepole. "Wewe kula mbili, dada."

Nilikuwa nimekaa ubavuni mwa shosho, nikaiona karata yake. Ilikuwa mbili pia. Angeiweka, angenirushia mimi adhabu, na angekuwa bingwa. Shosho, aliyekuwa tayari kugombana na watoto kwa njugu, aliificha kifuani.

"Haya, nimekula," akasema, akaokota mbili.

Teksi ikapiga honi. Shosho akasimama, akakusanya karata za kila mtu fungu lake, akayafunga kwa nyuzi za sweta aliyokuwa akifuma, na rundo lililobaki vilevile, akaviweka vyote kwenye mkebe wa biskuti. "Tutamaliza ukirudi," alimwambia Ba. Wakashikana mikono, na honi ikapigwa tena.

Ba alifia huko. Rafiki yangu tukapotezana. Shosho alitununulia karata nyingine, lakini mkebe ule hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Kayaba ilishang'olewa, na mahali pa mwanya sasa pana ukuta wa mawe. Nawakumbuka sana wale wawili, na sioni aibu kusema nililia pale sakafuni.

Ba alikuwa amecheza na shosho alikuwa amekula. Kwa hiyo miaka yote hii zamu ilikuwa yangu. Nikafungua fungu langu peke yake. Nilikuwa na karata ya kuweka, tena nzuri. Nikaokota moja kutoka kwenye rundo, nikafunga tena uzi.