Vidole vya Miguu vya Ilunga

Siku hiyo ya utotoni, niliusikia mchi kabla ya kumwona Nkambo, bibi yangu. Mlio huo ulinirudia juzi, nilipomwona kijana kiziwi akicheza arusini, kiganja chake juu ya spika.

Nkambo alikuwa jikoni akitwanga mihogo kwa hasira. Sebuleni, Ilunga, mchumba wa shangazi yangu Seraphine, aliketi pekupeku amempa mgongo, maana kwa mila yetu mkwe hamtazami mama mkwe. Baruti za mgodini zilikuwa zimemwachia masikio matupu.

"Ule muntu hasikie," Nkambo alifoka. "Nikianguka, nitamuita namna gani, na hapashwe kunitazama?"

"Mama, miye namupenda," Seraphine alijibu, amesimama kando yake.

"Upendo itaniinua?"

Nilimhurumia Ilunga. Kwetu tunasikia kelele, tunasikia baridi, tunasikia hata harufu ya samaki. Nilidhani vyote vimekufa pamoja na masikio yake, njaa pia.

Kumbe vidole vya miguu yake vilikuwa vikicheza sakafuni, sambamba na mchi. Nkambo akaviona chini ya kiti, kupitia mlango uliokuwa wazi. Alipotwanga polepole, vikapoa. Alipotwanga haraka, vikakimbia. Ndipo akauacha mchi uanguke kwa kishindo.

Ilunga akaruka, akaja jikoni kinyumenyume, macho yake ukutani, mkono ameunyoosha nyuma kumtafuta mama mkwe aliyedhani ameanguka.

Nkambo akacheka hadi machozi, akamshikisha ncha ya mchi ajue kilichoanguka.

"Seraphine, huyu anasikia kuliko weye! Muende kwa padri, kabla roho yangu haijabadilika."

Akawasukumia nje wote wawili, bado anacheka, akafunga mlango.