Kaya Yangu ya Kadi

Ndugu wasomaji, mimi nimeshajicheka vya kutosha. Sasa ni zamu yenu.

Kazi yangu pale Posta ni kutoboa kadi za kompyuta, matundu yanayoiambia mashine habari za watu, kila mtu na kadi yake. Kila kaya ina kadi ya kuifungua na kadi ya kuifunga, na chochote kilicho katikati mashine huamini ni watu wa nyumba moja. Juzi niliambiwa nitunge kaya ya kujaribia. Mimi mtu wa Moshi, mpangaji wa chumba kimoja Kariakoo, nikaandika jina langu, kisha nikajipa mke, Anna, na watoto watatu. Niliwatoboa polepole, mmoja mmoja. Jaribio likapita, nami nikasahau kuwatoa kwenye fungu la kadi za mtaa wetu.

Jumamosi balozi wetu wa nyumba kumi, Bi Mwanaidi, akaingia uani na orodha ya mgawo wa sukari iliyotoka kwenye mashine yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndugu Rogati, kaya ya watu watano. Mwite mama watoto apokee."

Wapangaji wote waligeuka. Wananijua: sahani moja, kikombe kimoja. Nikasubiri wacheke. Hakuna aliyecheka.

Bi Mwanaidi akaikunja karatasi, akasema taratibu, "Mwanangu, huyo Anna tukutafutie?"