Soli za Muuguzi wa Kanyosha

Miaka ya vita nilikuwa nashona viatu mtaa wa Buyenzi, barazani kwenye gereji ya shemeji yangu. Asubuhi moja alikuja muuguzi kijana wa Kanyosha, akisukuma baiskeli ya milimani aliyoachiwa na mzungu mmoja aliyeondoka nchini. Aliachiwa pia viatu vya mzungu huyo, vyenye kipande cha chuma chini, kinachonasa kwenye pedali. Soli zilikuwa zimelika, chuma ndicho kilichobaki kukanyaga.

"Kwenye bariyeri ya askari lazima nishuke, nitembee," aliniambia. "Jana nimeteleza kwenye simenti, nikaanguka. Askari wakaninyooshea bunduki. Fundi, hii chuma inapiga kelele sana."

Nilikata tairi la lori, nikabandika na kushona, nikaacha tundu la chuma. Saa nane akavichukua. Nilijiona fundi kweli.

Kesho yake alirudi kwa miguu, baiskeli mkononi, shati limelowa jasho. Chuma hakikunasa hata mara moja, miguu ikawa inateleza kwenye pedali. Mpira ulikuwa mnene mno. Njia yote ile kutoka Kanyosha, ambayo siku hizo kila mtu aliipita mbiombio kwa kuogopa risasi, yeye aliitembea. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonitia haya.

Nikapunguza mpira kwa kisu. "Sasa jaribu," nikasema.

"Apana, muzee. Panda we mwenyewe, utaelewa."

Nikavaa viatu, vikanibana vidole. Akanishikia tandiko. Mguu ukanasa, ta! Nikafurahi, nikazunguka uani mara moja, kisha nikataka kushuka. Mguu ukakataa. Nikaanguka na baiskeli juu yangu, mafundi wote wa gereji wakicheka.

"Kisigino, muzee! Peleka kisigino inje!" muuguzi akanipigia kelele, maana chuma huachia kisigino kikigeuka.

Muuguzi alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akajifuta macho.

"Sijacheka tangu nimuzike mudogo wangu," akasema. "Wiki tatu."

 Nikamwagizia chai, nikakaa karibu naye nikichonga mpira pembeni, pale ulipozuia kisigino kugeuka. Alipomaliza kikombe, kazi ilikuwa imekwisha. Akavivaa, akatembea kwenye simenti yenye maji, akaenda na kurudi, kichwa kimeinama akisikiliza. Chuma kimya. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Soli zile nilimbadilishia mara mbili kabla vita havijatulia. Siku nyingine alikuja hana cha kushona, akakaa tu, tukanywa chai.