Hesabu za Uani kwa Bibi

Mwezi uliopita nilikwenda mtaa wa Niboye kumwona rafiki, nikajikuta nimesimama mbele ya geti la ghorofa nisilolijua. Mlinzi akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia hapa palikuwa kwetu. Akanitazama kwa upole, akarudi kuketi.

Palikuwa na nyumba ya matofali, na nyuma yake ua aliotawala bibi yangu, mzaa mama, aliyekulia Bujumbura na kurudi Rwanda akiwa mtu mzima. Utotoni hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha hesabu.

Alichimba mashimo ya igisoro, bao la kwetu, kwenye udongo karibu na jiko: safu nne, kila safu mashimo manane. Nikitoka shule tuliketi mkekani, isombe ikitokota na kunukia majani ya muhogo na karanga. "Shimo hii iko mbegu ngapi?" aliniuliza. "Ukitembeza, ya mwisho inaanguka wapi?" Nikikosea hakunisahihisha, aliniacha nizitembeze mpaka nijionee mwenyewe. Maharage tuliyachambua tukiyapanga tano tano. Akisuka vikapu, alinipa kazi ya kuhesabu mishono ya kila mzunguko ili mchoro ukutane pale ulipoanzia. Hata ndege zilizoshuka uwanjani Kanombe tulizihesabu. Alizoea kusema, mkono ukijua, kichwa kitafuata.

Nilikuwa wa haraka shuleni, majibu yakinijia kabla wenzangu hawajashika kalamu. Kisha darasa la nne mwalimu akanipeleka ubaoni nionyeshe hatua za kugawanya. Jibu nililijua, hatua sikuzijua. Nikasema bibi hunifundisha kwa mashimo ya uani. Darasa zima likacheka, na mwalimu naye akatabasamu.

Jioni ile bibi aliniita mkekani kama kawaida.

"Wewe hukusoma," nilimwambia. "Hesabu zako za udongo si hesabu."

Alizoa mbegu taratibu, akazitia kwenye mkebe, akaniambia chakula kiko tayari. Kesho yake nilikuta mashimo yamefukiwa. Baada ya wiki akapanda mchicha pale.

Hakuninunia. Aliendelea kunipashia maji ya kuoga asubuhi na kunifungia sweta hadi shingoni wakati wa mvua. Ila kucheza hakuniita tena, nami nikaona haya kumwomba. Siku zikawa mwezi, mwezi ukawa miaka, nikaenda shule ya bweni.

Nilikuwa huko kiharusi kilipomchukua. Nilipofika nyumbani, majirani walikuwa wameshajaa uani, na mchicha umekanyagwa.

Baada ya mazishi mama aliniita chumbani kwa bibi, akanipa daftari. Akanieleza kwamba kila Jumamosi mchana, nilipodhani bibi amekwenda kwenye maombi, alikuwa parokiani akisoma na akina mama wengine wasiojua kuandika. Alikuwa amemsihi mama asinieleze.

"Alisema akijua hesabu ya shule," mama akasema, "utakubali kucheza naye tena."

Nikafungua. Tarakimu zake zilikuwa kubwa, zimelalia upande, karatasi imetoboka palipokandamizwa kalamu. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha, na chini ya kila swali alama ndogo nyekundu za vema za mwalimu wake. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa kugawanya tisini na sita kwa nne. Alikuwa ameandika mbili, akashusha sita, akaishia hapo. Hesabu ambayo kichwani angeimaliza huku akigeuza ndizi sufuriani, aliivumilia hatua kwa hatua kwa ajili yangu.

Sasa mama naye hayupo. Majirani waliotuazima kinu na kutuletea moto wamehama, na uani pamemwagwa zege yanapoegeshwa magari. Watu huniuliza nilijifunzia wapi kuhesabu kwa haraka hivi, nami huwaambia ni kwa bibi. Neno hilo hulisema kwa sauti, mbele ya wote. Limechelewa. Mtu niliyepaswa kumwambia aliniachia nafasi miaka mingi, tukila sahani moja, nami nikanyamaza.